Gitaa linasikika geto, jukwaani limepotelea wapi?

Haya jamani, za jioni, naona wengine mmekuja na magitaa mgongoni, vizuri, ila leo sifundishi wimbo wowote. Nianze na aibu yangu. Kuna harusi moja Lindi, ukumbi wa bati, nimetoka hapa Mtwara na basi, pedali zangu tano, vile visanduku vya kukanyaga vya kubadili sauti ya gitaa, kwenye begi, wiki nzima nimezipanga geto, distoshen tamu ya kukwaruza, dilei ya kurudisha mwangwi, rivabu utadhani niko pangoni, nikasema leo watanijua. Solo ikafika nikafumba macho kabisa. Namaliza tu, bibi mmoja wa meza ya mbele ananiita, "Mjukuu wangu, hilo gitaa mbona tunaliona tu, limekatika umeme?" Wallahi sikuwa na jibu.

Sasa geto nilikuwa peke yangu, mnanipata? Nimeshusha mid, yaani sauti za katikati, nimepandisha besi za chini na trebo za juu, ukipiga mwenyewe unasikia zito, kubwa. Kwenye bendi huko chini kuna wenyewe: uzi mnene wa gitaa uko kama hezi 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde, wa gitaa la besi 41, na dramu ya mguu iko hukohuko, juu nako kuna matoazi. Gitaa kwao ni katikati, kama hezi 500 mpaka 3,000 hivi, na ndo nyumba niliyoibomoa kwa mkono wangu. Afu masikio nayo yanadanganya, sauti ikiwa ndogo besi na trebo unazisikia kidogo kwa hiyo unaziongeza, ukumbini ukifungulia ampu zinakurudia kama mafuriko. Watafiti wawili, Fletcher na Munson, walilipima hilo Marekani, wakatoa matokeo 1933, kwa hiyo sio uchawi wa Lindi.

Ngoja muone. Besi na dramu pigeni hapohapo msisimame. Mid iko 2, gein, ile swichi ya kuongeza mkwaruzo, iko 8. Mnanisikia? Hamna eeh, mnasikia nyuki tu. Sasa volyum siigusi, gein narudisha 4, mid naipeleka 6, besi naishusha... umeona huyo kijana amegeuka! Gein ikizidi sauti inabanwa, ukipiga kwa nguvu ukipiga taratibu yote sawa, noti zinashikana kama wali bokoboko. Na watu wengi solo ikifika ndo wanaongeza gein, kumbe sauti haipandi, inazidi kujaa ukungu. Ongeza leveli, yaani ukubwa wa sauti, au mid. Mwimbaji akiingia shuka, maana na yeye anakaa hukohuko katikati.

Rivabu sina maneno mengi, ukumbi wa bati wenyewe ni rivabu ya bure, ya kwako weka kidogo tu, kama chumvi. Dilei ndo ina hesabu: chukua 60,000 gawa kwa mapigo ya wimbo kwa dakika, wimbo ukienda 120 unapata milisekunde 500, hapo mwangwi unaangukia kwenye pigo, ukikosea unapigana na dramu wimbo mzima.

Na nyie wa Shangani na Mikindani, jeki, vile vichwa vya waya wa gitaa, futeni jamani, upepo wa chumvi unazila, unakaa unalaumu pedali kumbe kutu.

Ndiyo, dada wa nyuma. Anauliza magitaa mawili je. Hapo ndo wazee wa dansi walituzidi, solo anacheza juu huku, ridhim, yule wa kushika mdundo, yuko kwenye noti za chini, sauti safi isiyo na makorokoro, kila mtu na ghorofa yake, hata wakiwa watatu unawahesabu kwa sikio. Sisi wawili tu wote tumewasha distoshen. Mmoja azime. Nani azime, hilo mkagombane mazoezini, mimi simo.

Haya dada njoo na gitaa lako, chomeka hapo, pedali acha kwanza. Dramu, tena, kutoka juu.