Mistari Imejaa, Video Haiendi

Ndugu zangu, karibuni. Kabla sijasema lolote, hebu toeni simu zenu. Wengi mtaona mistari ya mtandao imejaa mpaka juu. Sasa fungueni video. Inazunguka tu, sivyo? Hilo ndilo swali ninaloulizwa kila siku: inakuwaje mtandao upo, na bando lipo, lakini haliendi?

Mistari ile inakuambia simu yako inausikia mnara vizuri. Haikuambii mko wangapi mnaougawana. Ni sawa na bomba la mtaa: liko mlangoni kwako, maji yanatoka, lakini foleni ya ndoo inafika barabarani.

Zamani foleni hiyo ilikuwa ya sauti na meseji. Leo kinachojaza minara ni video. Basi wahandisi wanafanya nini?

Kwanza wanatafuta masafa, yaani njia za hewani zinazopitisha mawimbi ya redio. Tanzania ilipoanza kuzima televisheni za analojia Desemba 31, 2012, ikianzia Dar es Salaam, ilifungua njia ya masafa ya megahezi 700 kwenda kwenye simu. Haya husafiri mbali na kupenya kuta, yanafaa sana vijijini. Ila hayabebi mzigo mkubwa. Yale ya megahezi 3,500 yanayotumiwa sana na 5G hubeba mara nyingi zaidi, lakini ukuta wa tofali tu unayachosha.

Ndiyo maana mjini minara inasogezwa karibu karibu. Mkipita Kariakoo tazameni juu ya maghorofa: antena fupi, zimeinamishwa kidogo kuelekea chini, kila moja na kipande chake cha mtaa. Zimeinamishwa makusudi, zisivuruge eneo la jirani. Masafa yale yale yanatumika tena hatua chache mbele.

Lakini kuna kitu kinasahaulika, na kinaniuma. Kwenye minara mingi kuna dishi la duara kama ngoma. Hilo halizungumzi na simu yako. Linapeleka mzigo mnara wa pili, na wa pili kwa wa tatu, hadi kwenye mkongo, yaani kebo kuu ya mtandao. Njia hiyo ikiwa nyembamba, hata ukiweka mitambo ya 5G mbele, foleni inahamia nyuma. Mimi nasema fedha ziende huko kwanza: faiba, ule waya mwembamba wa kioo unaopitisha data kwa mwanga, ifike chini ya mnara wenyewe.

Halafu kuna umbali, pale video inapotoka ng'ambo ya bahari. Mnakumbuka Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, nchi nzima ikayumba. Magoli ya Simba na Yanga yanayotazamwa na maelfu wa Temeke hayana sababu ya kuvuka bahari kila mtu anapobonyeza. Yavuke mara moja, yahifadhiwe kwenye seva, yaani kompyuta ya kutunzia, hapa hapa Dar es Salaam, na mtu wa mia na wa elfu wayachukue hapo.