Sinia Moja kwa Darasa Zima

(Mazungumzo ya mwalimu wa darasa la awali na wazazi, Dar es Salaam, Jumamosi asubuhi)

Shikamooni wakubwa zangu. Na nyie wenzangu, habari za asubuhi. Nawaona kina baba wawili watatu leo. Karibuni, sogeeni mbele, msikae mlangoni kama mnasubiri daladala.

Nimeombwa niseme juu ya vitafunwa vya bethidei. Najua wengine mmekuja mmekunja uso, mmesikia shule inapiga marufuku keki. Hapana. Nyimbo zitaimbwa, na mwenye siku yake atamwagiwa maji mpaka soksi zilowe, kama kawaida. Ninachoomba ni kimoja: kinachoingia darasani kiwe cha kuliwa na darasa zima. Asiwepo mtoto wa kutengewa kisahani chake pembeni.

Kisahani cha pembeni nakijua. Mama mmoja, mwema kweli, alileta keki ya watoto wote, na kwa yule mwenye mzio wa mayai akanunua pakiti ya biskuti alizohakikisha hazina yai. Mtoto akaishika ile pakiti mkononi tangu saa nne mpaka kengele ya kurudi nyumbani. Hakuifungua. Biskuti zilezile kila siku anazililia! Siku hiyo alikuwa anawatazama wenzake wanalamba krimu kwenye vidole.

Sasa, mzio si deko, wala si mtoto kuchagua chakula. Kinga ya mwili inaipokea protini ya karanga, au ya yai, kama adui aliyevamia, inaanza vita. Kiasi kidogo sana kinatosha. Ni tofauti na lile tumbo linalokataa maziwa, ambalo wengi humu ndani tunalo: unakunywa glasi, linaunguruma, unakimbilia chooni, yameisha. Pale ni sukari ya maziwa imeshindikana kumeng'enywa. Inaaibisha, haiui. Mzio unaweza kuua.

Wakorofi wakubwa wanajulikana: maziwa, mayai, karanga, jamii ya korosho na lozi, ngano, soya, samaki, kamba na wenzake, na ufuta. Wamarekani ufuta waliuingiza kwenye orodha yao ya vitu vya lazima kutajwa kwenye pakiti kuanzia Januari 2023. Haya, ichukueni keki yetu ya kawaida muihesabu: ngano, mayai, maziwa, na juu tumenyunyizia korosho za kusaga ili ipendeze. Zile karanga za mayai za kwenye vipakiti ndizo kiboko: punje moja, vitatu ndani yake. Na unga wa lishe, ambao hakuna anayeushuku kwa sababu una jina zuri, mara nyingi una soya na karanga, na wapo wanaotia dagaa. Uji wa mtoto mwenye mzio hauulizwi kama ni mtamu, unaulizwa umesagwa na nini.

Hapo kwenye kusaga ndipo nilipoangukia mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na mtoto wa mzio wa karanga darasani, na siku ya bethidei ya mwenzake nikajitia kimbelembele: msihangaike, nitapika vitumbua. Mchele, tui, sukari, iliki, hamira. Karanga hata ya dawa hakuna. Mchele nikauloweka usiku, alfajiri nikausaga kwenye blenda. Blenda ileile ambayo jana yake nilisagia karanga za kuunga kisamvu. Niliiosha, naapa niliiosha, kwa sabuni. Lakini mnaijua ile raba inayokaa chini ya visu? Mkifika nyumbani leo ifungueni, mpitishe kidole, halafu mniambie mmetoka na nini.

Alikula kimoja na nusu. Haikupita robo saa akawa anajikuna shingo. Mdomo wa juu ukavimba kama kaumwa na nyuki, halafu kikaja kikohozi kikavu, kifua kinapiga mluzi. Tukapanda bajaji mimi naye, nimempakata. Hospitali wakamchoma adrenalini kwenye paja, na mbele ya macho yangu pumzi ikaanza kurudi. Alipona. Mama yake hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza.

Kwa hiyo siku hizi mzazi akiniambia "mwalimu, haina karanga," simwachi hapo. Namuuliza kilichotangulia kwenye chombo. Unga wa mchele uliosagwa mashineni nyuma ya debe la unga wa lishe, huo una mabaki ya lishe. Mafuta yaliyokaanga sambusa za samaki hayafai kukaangia vitumbua vya mtoto mwenye mzio wa samaki. Kisu kilichopaka siagi ya karanga kikaingia kwenye kopo la jamu, jamu imeharibika. Kuna kina mama wamenipa jina la Mpelelezi, nalijua, na nimelikubali. (Kicheko.)

Na kulishana! Hili nalisema polepole maana ni mila yetu na naipenda. Mtoto anakata keki, anashika uma, anamlisha mwalimu, anamlisha rafiki, uma uleule unazunguka vinywa thelathini. Kama yule wa tatu asubuhi alikunywa uji wa lishe, wa nne ana mzio... mmenielewa. Walishane kwa mkono, kila mmoja na kipande chake, na mikono iwe imeoshwa kwa maji na sabuni. Ile dawa ya mikono ya kwenye kichupa inaua vijidudu, lakini protini ya karanga haiondoi. Inaisambaza tu.

Basi tulete nini? Watu wanafikiri kitafunwa kisicho na mzio ni kitu cha kuagizwa, cha bei mbaya, chenye ladha ya boksi. Nyanya zetu wa pwani walishamaliza kazi hii bila kujua. Kitumbua hakina ngano, hakina maziwa ya ng'ombe, hakina yai. Wapo wanaotia kijiko cha ngano kishikane, msitie: loweka mchele usiku kucha, saga na tui zito mpaka ukiusugua kwenye vidole usisikie chenga, tia hamira na iliki, uache uumuke. Vipange vitumbua kama mnara, mshumaa juu, muone kama kuna mtoto atauliza keki iko wapi. Mkate wa kumimina nao ni mzuri, ila muulize mpishi, maana wengi hutia ute wa yai. Kashata za nazi, ndiyo, lakini si za muuzaji aliyezipanga sinia moja na za karanga. Bisi za kupika nyumbani. Embe, nanasi, tikiti. Ubuyu sina ugomvi nao, ugomvi utakuwa wenu na sare nyeupe.

Na anayetaka keki hasa, kama darasa lenu halina mtoto wa ngano, ipo isiyo na yai wala maziwa. Unga kikombe kimoja na nusu, sukari kikombe, kakao vijiko vitatu vya chakula, bikaboneti kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Changanya. Tia maji kikombe kimoja, mafuta theluthi ya kikombe, siki kijiko kimoja cha chakula. Siki na bikaboneti zikikutana zinatoa mapovu, na mapovu hayo ndiyo yanayoinua keki. Iingie kwenye moto haraka kabla hayajaisha. Majarini ya kupamba juu msomeni kopo: mkikuta "whey" au "casein", hayo ni maziwa yamevaa kanzu nyingine.

(Swali kutoka kwa bibi mmoja: mbona sisi zamani hatukuwa na haya?)

Bibi yangu, pengine walikuwepo tukasema ni pumu, au kijicho. Lakini una hoja. London walifanya utafiti, majibu yakatoka 2015: watoto wachanga 640 waliokuwa kwenye hatari kubwa, nusu wakalishwa karanga mara kwa mara tangu uchanga, nusu wakanyimwa mpaka miaka mitano. Waliolishwa, mzio wa karanga ulipungua kwa zaidi ya robo tatu. Kwa hiyo ile karanga uliyosaga laini ukamtilia mjukuu kwenye uji haikuwa kosa. Ila aliyekwisha kupata mzio usimjaribie nyumbani ati azoee. Huyo ni wa daktari.

La dharura nalipitia haraka, karatasi yake mtapewa. Vipele peke yake, mwangalie kwa makini. Vipele pamoja na kutapika, au sauti kukwama, kifua kubana, mtoto kulegea: hospitali, sasa hivi, na ukifika taja neno mzio kabla hujataja jina lake. Kidonge cha kuzuia kuwasha kinatuliza ngozi, koo linalofunga hakiwezi. Na tafadhali, msimnyweshe maziwa. Najua tumezoea kuyafanya dawa ya kila sumu. Huenda maziwa ndiyo yaliyomwangusha.

Kabla ya kila bethidei, mzazi anipigie siku mbili kabla. Sitataja mtoto gani ana nini, nitamwambia tu kipi kisiingie muhula huu. Kwa sasa darasani kwangu ni karanga, mayai na ufuta. Januari orodha itakuwa nyingine.

Sinia liko pale kwenye meza ya dirishani. Ni vitumbua, nimevipika alfajiri, na kilichomo nimekiandika kwenye karatasi juu ya kawa. Blenda nilinunua mpya mwaka uleule, ina alama ya rangi nyekundu, na kwangu hakuna anayeruhusiwa kuisagia mboga, hata mume wangu akija na kisamvu chake.