Kelele za Ukumbini: Rekodi Zilizofanyika Mbele ya Watu

CHIKU: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Dodoma na kwingineko. Leo kila mmoja wetu amekuja na santuri iliyorekodiwa jukwaani, mbele ya watu, wala si studio. Kaka Lameck, wewe ndiye mwenye haraka, anza.

LAMECK: Asante, dada Chiku. Nimemleta James Brown, mwimbaji wa soul wa Marekani, katika onesho lililorekodiwa tarehe 24 Oktoba 1962 kwenye ukumbi wa Apollo, Harlem, jijini New York. Mwenye kampuni yake ya santuri hakuona nani angenunua nyimbo ambazo watu walikuwa nazo tayari nyumbani, akakataa kutoa fedha, hivyo Brown akagharimia kazi hiyo kutoka mfukoni mwake. Wimbo unaonishika ni “Lost Someone”, unaozidi dakika kumi, ambamo bendi hurudia kipande kilekile taratibu huku mwimbaji akibembeleza, na kila anaponyamaza kidogo, kinamama ukumbini humjibu kwa kelele. Ukiziondoa kelele hizo, wimbo unabaki mifupa mitupu.

CHIKU: Na katika santuri ya kwanza wimbo huo ulikatwa katikati, ikabidi msikilizaji ainuke kugeuza upande!

LAMECK: Hilo halisameheki.

CHIKU: Mimi ninamchagua Sam Cooke, mwimbaji mwingine wa soul wa Marekani, aliyerekodiwa Januari 1963 katika Harlem Square Club, Miami. Kampuni iliona kwamba sauti yake humo ina ukali mno kwa mwimbaji ambaye watu walimzoea kwa ulaini, ikaifungia rekodi hiyo hadi mwaka 1985, ilhali Cooke mwenyewe alikuwa amefariki tangu Desemba 1964. Ukiisikiliza mara tu baada ya nyimbo zake za studio, utadhani anayeimba ni kaka yake aliyekulia vilabuni.

LAMECK: Naikubali, ingawa kwangu ana pupa, Brown anajua kusubiri.

CHIKU: Pupa ndiyo utamu wenyewe, kaka. Lakini nikuulize: sisi wa huku tuna nini cha kuweka kando ya hizo?

LAMECK: Tunayo masikio tofauti, kwanza. Chukua ilimba, ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ile aliyoipiga marehemu Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu. Tundu lake huzibwa kwa utando wa buibui ili kila noti itoe mvumo, na fundi mitambo asiyeujua atahangaika kuuondoa akidhani kifaa chake kina hitilafu.

CHIKU: Mimi nilihangaika kinyume chake. Niliwahi kuwarekodi kinamama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, kule Chamwino kwa simu, nikiwa nimekaa karibu mno. Wanaibana ngoma katikati ya mapaja, wanapiga kwa viganja, na simu yangu haikuweza kuubeba mshindo ule. Sauti ilipasuka mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, bibi mmoja nyuma yangu alipiga vigelegele vilivyoingia safi kabisa, kisha akamwambia mjukuu wake asikanyage miguu ya watu.

LAMECK: Uliifuta?

CHIKU: Nilijaribu mara mbili, mkono ukagoma. Ninayo hapa.

LAMECK: Basi tuiweke. Wasikilizaji, punguzeni sauti kwanza, maana ngoma inaanza bila hodi.