Dodoso Likifika Ofisi ya Walimu

ZAWADI: Mwalimu, shikamoo. Karibu tena.

MWALIMU: Marahaba, dada.

ZAWADI: Leo nina swali moja tu. Mwalimu akiulizwa kuhusu ukatili shuleni kwake, tumwamini?

MWALIMU: Inategemea kaulizwaje. Kuna mwaka, bado nafundisha, tuliletewa dodoso. Swali la kwanza: "Je, shuleni kwako kuna ukatili?" Ofisi nzima tukaandika hakuna. Na pale nje mwalimu wa zamu anawachapa waliochelewa, tunawasikia.

ZAWADI: (anacheka) Mlidanganya!

MWALIMU: Wala. Kwetu ile ni adhabu. Ukatili ni mtoto avunjwe mkono. Halafu karatasi alizikusanya mkuu wa shule mwenyewe, bila bahasha. Nani aandike?

ZAWADI: Wewe ungeuliza vipi?

MWALIMU: Neno liache, uliza tendo. Wiki iliyopita umeona mtoto akichapwa? Akipigwa kofi? Akitukanwa mbele ya wenzake? Mara ngapi? Na mwalimu mwenyewe ametishwa na mzazi? Ule utafiti wa kitaifa wa hapa Tanzania wa 2009 uliwauliza vijana kwa vitendo hivyo: ngumi, mateke, viboko. Zaidi ya nusu walisema walitendewa na mwalimu.

ZAWADI: Na shule inavyoshughulikia mambo hayo, napo tuwaulize walimu?

MWALIMU: Waulize, lakini kwanza omba daftari la adhabu. Kanuni zetu zinasema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe. Shule nilizopita mimi, daftari hilo lilikuwa jipya kama limetoka dukani jana.

ZAWADI: Enhe! Ila Mwalimu, wenzako watakuambia: darasa lina watoto mia, fimbo ukiiweka chini unashika nini?

MWALIMU: Hata mimi niliuliza hivyo, tena kwa hasira. Ila sikia ya Luwero, Uganda. Shirika la Raising Voices lilikuwa na mpango wake wa kuwafanya walimu, wanafunzi na uongozi wapange pamoja namna ya kulea nidhamu. Watafiti wakachukua shule za msingi 42, nusu zikapewa mpango, nusu zikasubiri. Baada ya kama mwaka na nusu wakawauliza wanafunzi: wiki hii umepigwa na mwalimu? Shule zilizosubiri, 49 katika kila 100 walisema ndiyo. Zilizopata mpango, 31.

ZAWADI: 31 bado ni wengi, Mwalimu.

MWALIMU: Wengi mno. Lakini angalia waliulizwa nani. Wangewauliza walimu peke yao, labda wangepata "hakuna" kama yetu.

ZAWADI: Kwa hiyo walimu tuwaache?

MWALIMU: Hapana, uliza pande zote mbili. Mwalimu akisema hakuna na mtoto akasema kila siku, mtafiti ameshajua pa kuanzia.

ZAWADI: Na lile dodoso lenu, ukirudishiwa leo?

MWALIMU: Kabla sijashika kalamu, nitauliza nani anakuja kulikusanya.