Mjumbe Katumwa na Nani?

Bwana mwenyekiti, wazee wangu, dada zangu, ndugu zangu wa matawi ya Mjini na nyinyi mliovuka bahari kutoka Pemba, assalamu alaikum.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna harakati za kimapinduzi za wafanyakazi wa dunia zilivyojipanga na kujitawala. Mada hii ikitajwa, barazani watu hukimbilia kubishana nani alikuwa sahihi, Marx mkomunisti au Bakunin, mpinzani wake aliyekataa mamlaka ya dola, Moscow ya wakomunisti au walioipinga Moscow. Mimi leo nitapitia mlango wa uani, mlango wa katibu na mweka hazina. Ukitaka kujua harakati ni ya nani, ilani yake iache kwanza. Uliza mjumbe wake katumwa na nani, kaagizwa aseme nini, na nani ana uwezo wa kumrudisha. Halafu uliza ada inapita mikononi mwa nani.

Tuanzie London, tarehe 28 Septemba 1864, katika ukumbi wa St Martin's Hall. Hapo wafanyakazi wa Uingereza na wenzao waliotoka Ufaransa, pamoja na wahamiaji wa mataifa mengine, waliunda Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi. Walikuwa na ndoto kubwa, ni kweli, lakini walikuwa pia na shida ya kila siku. Wafanyakazi wa Uingereza wakigoma, tajiri alivuka bahari akaleta watu wa bei rahisi kutoka Ufaransa, Ubelgiji au Ujerumani. Yule aliyeletwa mara nyingi hakujua hata kama kuna mgomo. Mchukuzi yeyote wa bandari ya Malindi anaielewa habari hii bila kufasiriwa.

Walijipanga hivi. Mkutano mkuu wa wajumbe wa matawi ulitakiwa ukae kila mwaka, na huo ndio wenye kauli ya mwisho. Katikati ya mikutano kulikuwa na Baraza Kuu lililokaa London, likikutana Jumanne jioni, watu wakitoka kazini: mafundi cherehani, washona viatu, maseremala, waashi. Kila nchi ilikuwa na katibu wake wa mawasiliano ndani ya Baraza. Marx alikuwa katibu wa Ujerumani. Katibu mkuu kwa miaka kadhaa alikuwa Johann Georg Eccarius, fundi cherehani. Na mwaka 1867 walifanya jambo ambalo vyama vyetu vingi havijathubutu kulifanya mpaka leo: walikifuta cheo cha rais. Kila kikao kikawa kinachagua mtu wa kukiongoza usiku ule, basi.

Mwaka 1866 mafundi cherehani wa Edinburgh na London walikuwa kwenye mvutano na matajiri wao, na matajiri wakataka kuleta mafundi wa Kijerumani. Baraza halikuwa na askari wala hazina ya maana. Lilichokuwa nacho ni kalamu na anuani. Wakaandika onyo kwenye magazeti ya Ujerumani: msije, wenzenu wamo vitani. Mwaka uliofuata, mafundi wa shaba nyeusi wa Paris walifungiwa kazi kwa sababu tajiri alitaka wakivunje chama chao cha kusaidiana. Wakatuma wajumbe London, vyama vya kule vikawakopesha fedha, na matajiri wa Paris wakalegea. Tazameni vizuri, ndugu zangu: Baraza halikumwamuru mtu yeyote agome. Tawi liliamua lenyewe, kituo kikabeba habari na fedha.

Kituo cha namna hii mimi hukifananisha na kijumbe wa upatu. Kijumbe hukusanya, huandika na hukumbusha, na kila mtu hukubali kumpa fedha yake kwa sababu hana ruhusa ya kubadilisha zamu. Siku atakayoanza kuamua nani apokee na nani asubiri, upatu umekwisha, hata kama kitabu bado anacho yeye.

Na hilo ndilo lililozua ugomvi. Mei 1871 serikali ya wafanyakazi wa Paris, ile Komuni, ilizimwa kwa damu, na polisi wa Ulaya wakaanza kuwasaka wanachama wa Jumuiya. Marx na wenzake walisema: tunawindwa, Baraza lipewe nguvu zaidi. Sitaki kuwadharau, hoja hiyo ina uzito. Lakini mafundi wa saa wa milima ya Jura, Uswisi, walikutana Sonvilier mwezi Novemba 1871 wakatoa waraka kupinga. Walisema mtu mwema kiasi gani, ukimwachia madaraka juu ya wenzake atabadilika, na kwamba Baraza lirudi kwenye kazi yake ya kuandikiana barua na kukusanya takwimu. Kwenye hili mimi nipo na mafundi wa saa.

Mkutano mkuu wa Jumuiya huko The Hague, Uholanzi, Septemba 1872, siku zake za mwanzo zililiwa na jambo moja: kukagua hati za wajumbe. Wengine hukicheka kikao kile kwa kupoteza muda. Mimi nasema hapo ndipo kilipogusa jambo lenyewe. Kulikuwa na mtu wa London aliyekuja na hati ya tawi la Chicago. Katumwa na nani huyo? Akirudi, atatoa ripoti wapi? Na kwa upande mwingine kulikuwa na wajumbe wa Uhispania waliofika na maagizo ya waliowatuma, na mambo yalipokwenda kinyume na maagizo hayo wakajizuia kupiga kura mara kwa mara. Walishindwa kwenye hesabu ya kura, lakini walirudi kwao wakiwa wajumbe bado.

Mkutano ule ulimfukuza Bakunin pamoja na James Guillaume, mwenzake wa Jura, ukaliongezea Baraza madaraka, na kwa tofauti ndogo ya kura ukalihamishia New York. Baraza likawa na nguvu nyingi kwenye karatasi na watu wachache wa kulisikiliza. Mwaka 1876 likavunjwa huko Philadelphia. Waliopinga walikutana Saint-Imier, Uswisi, mwezi huo huo wa Septemba 1872 wakakubaliana kwamba kila shirikisho lijiamulie mambo yake.

Hiyo ndiyo Jumuiya ya Kwanza; ya Pili na ya Tatu nitazipita kwa haraka. Jumuiya ya Pili, muungano wa vyama vya kisoshalisti ulioanza Paris mwaka 1889, ilikuwa na ofisi yake Brussels tangu 1900, na ofisi hiyo haikuwa na mamlaka juu ya chama chochote. Iliazimia dhidi ya vita kwenye mikutano yake, na tarehe 4 Agosti 1914 wabunge wa chama kikubwa kuliko vyote, cha Ujerumani, wakapitisha fedha za vita. Kwa hiyo msinielewe vibaya kwamba nasema kila tawi liachwe lifanye litakalo. Mjumbe aliyeahidi kwa niaba ya watu lazima awe na watu wa kumbana. Komintern, yaani Jumuiya ya Tatu, ya vyama vya kikomunisti, iliyoundwa Moscow mwaka 1919, ilitaka kuiponya aibu hiyo kwa masharti 21 ya kujiunga, ya mwaka 1920, na maamuzi ya kituo yakawa amri kwa vyama vyote. Baina ya mkutano wake wa sita, 1928, na wa saba, 1935, ilipita miaka saba bila wajumbe kuitwa. Ilipofika 1943 kituo kikaivunja Komintern bila kuitisha mkutano mkuu kabisa.

Sasa turudi Pwani yetu. Januari 1947 Mombasa ilisimama kwa mgomo mkuu, na watu walikusanyika uwanjani kwa maelfu kusikiliza na kuamua. Mwezi Agosti mwaka huo huo serikali ya kikoloni ikamkamata Chege Kibachia, kiongozi wa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, ikamhamishia mbali na Pwani, na shirikisho likadhoofika. Mwaka 1948 zamu ikawa yetu: wachukuzi wa bandari ya Unguja waligoma, na mgomo ukaenea mjini kote. Habari za bandari moja hufika bandari nyingine na jahazi, hazingoji katibu.

Vyama rasmi vilipokuja kukomaa hapa, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, dunia ilikuwa imeshagawanyika. Zanzibar and Pemba Federation of Labour, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililokuwa karibu na chama cha Afro-Shirazi, lilifungamana na shirikisho la kimataifa la upande wa Magharibi lililoundwa London mwaka 1949. Federation of Progressive Trade Unions, shirikisho jingine, iliyokuwa karibu na Hizbu, yaani chama cha Zanzibar Nationalist Party, na baadaye na Umma Party ya Abdulrahman Babu, ikafungamana na lile la mwaka 1945 lililoelemea Mashariki. Nafasi za masomo na misaada zikawa zinatoka pande mbili. Wazee wetu walioongoza pande zote mbili walikuwa watu wa kujitolea na ninawaheshimu. Lakini fedha inayotoka mbali humfanya katibu atazame mbali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 vyama viliunganishwa, kisha vikawekwa chini ya chama tawala, na swali la nani anamtuma mjumbe likanyamazishwa kwa miaka mingi.

Hivi karibuni nilikaa na akina mama wa mwani kule Paje. Walikuwa wanamtuma mwenzao mjini kuzungumza na mnunuzi juu ya bei. Kila mmoja alitoa shilingi mia tano ya nauli, zikafungwa kwenye pembe ya kanga ya yule mama. Bibi mmoja akamwambia, "Wakikupa chini ya tulivyosema usikubali, rudi kwanza utuulize." Nikasema moyoni, wale mafundi wa saa wangekuwa pale wasingeongeza neno.

Nyinyi mliomo humu, wengi ada yenu hukatwa kwenye mshahara. Inatoka kwa mwajiri inakwenda makao makuu, haipiti tawini, na mkono wa mwanachama hauigusi. Ni njia rahisi, na naelewa kwa nini viongozi wanaipenda, maana fedha huja mgomo uwepo usiwepo. Ila mwanachama amepoteza ile nafasi ya kusema: mwezi huu silipi mpaka nisikie ripoti. Vyama vyetu vina wajumbe wanaokwenda Dar es Salaam, Nairobi, hata Geneva kila Juni kwenye mkutano wa Shirika la Kazi Duniani. Tawi lipi humu liliwahi kukaa kabla ya safari likaandika maagizo, na likakaa tena baada ya safari likamuuliza mjumbe alisema nini na alipigia kura nini?

Ninalopendekeza ni mambo mawili. Kwanza, sehemu ya ada irudi tawini na isomwe mbele ya wanachama kila miezi mitatu, kwa sauti, shilingi kwa shilingi. Pili, asisafiri mjumbe bila maagizo yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na tawi liwe na haki ya kumrudisha akiyavunja. Katiba za vyama vingi humu zinaweza kurekebishwa kwenye mkutano mkuu ujao, kwa hiyo muda wa kuandika marekebisho ni huu. Bwana mwenyekiti, ningeomba tuanze maswali na watu wa bandarini.