Jifunzeni vi Kabla Seva Haijawafungia Nje

Nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: jifunzeni vi, programu ya kuhariri faili za maandishi ndani ya terminali. Bill Joy aliiandika mwaka 1976, na hadi leo ukiingia kwenye seva ya Linux usiyoijua, nano, kihariri kingine kilicho rahisi, huenda haipo, lakini vi kwa kawaida utaikuta.

Mnaikimbia kwa sababu moja tu. Mkiifungua, mnaanza kuandika papo hapo. Maneno hayatokei, mistari inafutika. Jamani, vi ina hali ya amri na hali ya kuandika, na hufunguka ikiwa kwenye amri. Hapo kila kitufe kina kazi: x hufuta herufi, dd hufuta mstari mzima, u hutengua ulichofanya. Ukitaka kuandika, bonyeza i kwanza. Ukimaliza, Esc. Ukipotea, Esc tena, haidhuru kitu. Kisha :wq kuhifadhi na kutoka. Umeharibu? :q! hukutoa, na faili hubaki ulivyolihifadhi mwisho. Na tazameni Caps Lock! Ikiwaka, j ya kushuka mstari inakuwa J, nayo huunganisha mistari miwili.

Mtu ataniambia: si nilivute faili kwenye kompyuta yangu, nilihariri kwa Notepad, nilirudishe? Haya. Faili jipya la Notepad humaliza kila mstari kwa alama mbili, Linux inataka moja. Skripti, yaani faili la amri, itagoma ikilalamikia ^M, ile alama ya ziada, na wewe huoni kasoro yoyote kwenye skrini. Dawa yake:

sed -i 's/\r$//' skripti.sh

Lakini kwa nini ujitafutie ugonjwa?

Umeme ukikatika Likoni, muunganisho wako na seva unakwenda nao. Vim, toleo la vi lililoboreshwa, huacha faili la .swp lenye kazi ambayo hukuihifadhi. Ukirudi na kulifungua faili lako, Vim itakuuliza ufanyeje; usibonyeze ovyo: chagua R (kuokoa), hakiki maandishi, hifadhi, ndipo ufute .swp.

Muda unakwisha, basi upesi upesi. Kabla ya kugusa sshd_config, faili la mipangilio ya SSH, yaani njia unayoingilia kwenye seva, toa nakala kwa cp. Ukishahariri, endesha sudo sshd -t (sudo hukupa mamlaka ya msimamizi). Ikinyamaza, sintaksia ni sawa. Anzisha huduma upya, ila dirisha ulilomo usilifunge; fungua la pili ujaribu kuingia. Seva iko Frankfurt, wewe uko Kisauni: ukijifungia nje, hakuna pa kupigia hodi. Faili la sudoers, linaloamua nani aruhusiwe kutumia sudo, liharirini kwa amri ya visudo tu. Terminali ikiganda ghafla, huenda umebonyeza Ctrl-S; Ctrl-Q huifungua.

Haya, kila mtu aandike: vi jaribio.txt