Vijana na Vilima vya Kigoma

Wazee wetu, shikamooni. Walimu na vijana wenzangu mliojaa hapa Ujiji jioni hii, habari zenu.

Nimeombwa nieleze jinsi kijana anavyoweza kuwavuta wenzake watunze mazingira. Kwa maoni yangu, aanze na shida inayomkera jirani yake, na kazi aifanye mahali watu wanapopita. Hotuba zije baadaye.

Tuna mfano hapahapa. Mtafiti Mwingereza Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, akiwa na miaka 26, kuchunguza sokwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipita juu kwa ndege, akaona hifadhi imebaki kipande kidogo cha kijani, na vilima vya vijiji vinavyoizunguka vi wazi. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE, wa kutunza misitu pamoja na wanavijiji. Watanzania wenzetu waliotumwa vijijini hawakwenda kuhubiri habari za sokwe. Waliuliza: ninyi mnahitaji nini? Watu wakataja chakula, afya, shule za watoto. Kazi ikaanzia hapo, na habari ya misitu ikasikilizwa kwa sababu hiyo.

Vijana nao walikuwa na mchango wao. Mwaka 1991 wanafunzi 12 walikaa kwenye baraza ya nyumba ya Goodall Dar es Salaam, wakamweleza yanayowasumbua. Aliwaambia warudi wakakusanye wenzao wenye uchungu kama wao. Ndivyo vilivyozaliwa vikundi vya Roots & Shoots, yaani Mizizi na Machipukizi, ambavyo leo viko katika nchi nyingi duniani. Mama huyo alifariki Oktoba 2025. Vikundi vinaendelea.

Sasa tuje kwenye jembe na panga. Tumezoea kupanda miche siku ya sherehe, tukapiga picha, kisha Juni jua linakausha kila kitu na hakuna aliyebeba hata ndoo moja ya maji. Hilo linaniuma, maana mtoto aliyeona miche yote imekufa hujifunza kwamba kupanda miti ni kazi bure. Kumbe msitu wa miombo una nguvu yake. Mti ukikatwa, kisiki huwa bado kiko hai, mizizi imeshika chini, na machipukizi hutoka yenyewe. Chagua mawili au matatu yaliyonyooka, mengine yapogoe. Hakuna kiriba cha kununua, hakuna kumwagilia. Adui mkubwa ni moto wa kiangazi, kwa hiyo kikundi kifyeke njia ya kuzuia moto mapema, nyasi zikiwa bado mbichi. Misimu michache ikipita, anayepanda mlima kutafuta kuni ataona tofauti kwa macho yake, naye atauliza ni akina nani waliofanya.

Mvuvi naye ana sehemu yake katika jambo hili. Mlima ukiwa mtupu, mvua inasomba udongo hadi Ziwa Tanganyika. Tope linafunika mawe ya kando ya ziwa, na juu ya mawe hayo ndiko samaki wengi wadogo wanakokula ukoga. Wengi wao hawapatikani ziwa jingine lolote duniani. Mwambie hayo baba anayerudi na mtumbwi Kibirizi, atakuelewa kuliko ukimwambia habari za hali ya hewa ya dunia. Kwa mama anayechemsha mawese, zungumza kuni. Mjengee jiko banifu, ukae naye mpaka chungu kichemke.

Jambo la mwisho ni la sheria. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia. Uamuzi hupita kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na mkazi yeyote mwenye miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo. Vijana wengi hamhudhurii, mnawaachia wazee. Mkutano ujao nendeni kama kikundi, mkiwa mmeshakubaliana ni kilima kipi mnachokiomba na nani atakilinda na moto. Wazee wakiwauliza maswali magumu, yajibuni kwa adabu, mkawaonyeshe visiki.

Karibuni kwa maswali.